Kaburi la Mama Kinya Kando ya Uwanja

Kocha Gikunda hakuzaliwa kwetu. Yeye ni Mmeru wa Mitunguu, kule chini kwenye migomba na maji ya mifereji, na alipofika hapa Mbeere karibu na Siakago watu walimcheka jinsi alivyojaribu kusema Kimbeere. Alikuja kufundisha shule yetu ya msingi nikiwa darasa la sita. Hakuwa amesomea ualimu, alikuwa amemaliza kidato cha nne tu, lakini siku hizo huyo alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa mrefu, mikono mirefu, na mfuko mmoja wa nguo. Ndani ya huo mfuko, tulikuja kujua baadaye, mlikuwa na mpira mmoja na shati la timu ya ushirika wa kahawa lililotoboka kwapani.

Naandika habari zake sasa kwa sababu bado yuko hai. Mtu akiwa hai watu hawasemi mema yake, wanayaweka mpaka mazishi.

Uwanja aliukuta. Ulikuwa pale pale ulipo, kando ya barabara inayoshuka kwenye soko, udongo mwekundu na mawe madogo. Ulitolewa na Mzee Nthiga, ambaye alikuwa na ardhi kubwa kabla serikali haijaleta namba za mashamba. Alichinja mbuzi, akaita wazee, wakala nyama, akasema hapa ni pa watoto wa watu wote kucheza. Hakuna kilichoandikwa. Siku hizo mtu akisema neno mbele ya nyama, limetosha.

Kwetu michezo haikuanza na mpira. Wazee wa Mbeere walijulikana kwa upinde. Babu yangu alituambia vijana walikuwa wakishindana kulenga kibuyu kilichoning'inizwa mbali, na aliyekosa alichekwa na wasichana mpaka anabadilisha njia ya kwenda mtoni. Kulikuwa na mieleka pia, na ngoma ambazo mchezaji hodari aliitwa mpaka milima ya mbali. Wamisheni walipoleta mpira wa miguu, wazee walisema ni kazi ya mtoto asiye na mbuzi wa kuchunga. Halafu wakaona vijana wa ukoo huu na ukoo ule wanasukumana mchana kutwa na hakuna anayerudi nyumbani amepasuliwa kichwa. Hapo wakaupenda. Mzee Nthiga mwenyewe, nasikia, alitoa ule uwanja baada ya vijana wa koo mbili kuumizana vibaya kwa ajili ya kisima. Alisema afadhali wapigane na kitu cha mviringo.

Wasichana hatukuwa na letu. Tuliruka kamba, tukacheza mawe, tukaenda kuchota maji. Kocha Gikunda ndiye alisimamisha nguzo mbili za mti wa mukau, akafunga kamba katikati kwa sababu neti hakuna, akasema wasichana wa darasa la sita na la saba watoke nje wajifunze voliboli. Mama zetu walikuja shuleni.

"Mwalimu, unataka wavae nini?" mama yangu aliuliza.

"Kaptula, mama."

"Kaptula ni ya polisi."

Wakabishana mpaka jua likaegemea. Mwishowe akina mama wa kanisa wakashona wenyewe, zikafika chini ya magoti, pana kama magunia. Tulipocheza na shule ya mbali wenzetu walituita Masista. Tukawapiga. Walipoomba turudiane tukawapiga tena, na kutoka siku hiyo mama yangu alikuwa anakuja uwanjani na kiti chake.

Huo ulikuwa wakati mzuri, namshukuru Mungu niliuona. Chifu alikuwa na kombe lake. Viwanda vya kahawa vilikuwa na timu, mashirika ya serikali yalikuwa na timu, na msichana anayejua kuruka aliajiriwa hata kama cheti chake si kizuri. Kwa mikono ya Kocha wasichana wa hapa walienda kuwa makarani, mapolisi, wauguzi. Mimi sikwenda, baba alifariki na nikabaki nyumbani, lakini sisemi hivyo kwa uchungu.

Halafu ikaisha. Ushirika ukagawanyika vipande, timu za kahawa zikafa, kombe la chifu likapotea sijui nyumbani kwa nani. Walimu waliosomea wakaja na Kocha akaambiwa asante. Akakaa sokoni akawa fundi wa viatu. Vijana wa siku hizi mpira wao uko kwenye simu. Wanakaa katika kile kibanda cha video wakitafuna majani ya muguka, wanabashiri nani atafunga huko Ulaya, wanajua goti la mchezaji wa huko linauma upande gani. Uwanja uko hatua chache nje ya mlango na hawauangalii.

Lakini wasichana hawakuacha kuja, kwa sababu Kocha hakuacha kuja. Kila Ijumaa jioni msichana mmoja mmoja alileta majivu ya jikoni kwao kwa mkebe, na yeye akainama na kuchora mistari. Neti alikuwa akiishona kwa uzi wa viatu. Mke wake, Cicily, tuliyemwita Mama Kinya, alikuwa anakaa chini ya mti wa mgaa na beseni la maji ya chumvi akiosha magoti yaliyochubuka.

"Baba Kinya," alikuwa akimwambia mbele ya wasichana, "ningejua naolewa na neti ningeuliza kwanza kama inakula."

"Inakula wewe," Kocha anajibu. "Angalia ulivyokonda."

Wasichana wanacheka, Mama Kinya anamrushia maji.

Hawakuwahi kununua shamba. Wakati ploti zilikuwa rahisi Kocha alinunua mipira. Walikodi nyumba ya mabati nyuma ya soko, wakapata mtoto mmoja, Kinya, ambaye sasa anafanya kazi Nairobi. Mama Kinya hakulalamika, au labda alimlalamikia Mungu peke yake, kwa sababu katika maombi yetu ya Alhamisi alikuwa anaomba kila mara, "Bwana, utupatie mahali." Tulifikiri anamaanisha mbinguni.

Miaka michache iliyopita jambo jema lilitokea. Shule moja ya bweni ya wasichana, yenye jina katika voliboli, ilianza kutuma mwalimu wake kila mwisho wa mwaka kuja kutazama wasichana wetu wakicheza, pale pale uwanjani, na kuchukua wawili wa kusoma bila karo. Mkisikia uwanja, msifikirie nyasi na viti. Fikirieni mlango wa sekondari kwa mtoto ambaye mama yake anaokota kuni. Mwaka ule ninaoandika habari zake, wote tulijua wa kwanza ni nani. Alikuwa Purity, mjukuu wa Mzee Njoka, miguu kama ya mbuzi wa mawe. Akiruka ulimwona juu ya neti mpaka kifua.

"Huyu," Kocha aliniambia, "huyu hawatamrudisha. Huyu nitamwona kwa televisheni ya nchi."

Mwezi wa saba Mama Kinya akafa. Aliumwa tumbo, akapelekwa hospitali, akarudi, akapelekwa tena, na hakurudi.

Tulikaa kikao cha mazishi nje ya ile nyumba ya kukodi, kwenye viti vya kanisa. Shida ilikuwa moja na kila mtu aliijua, hakuna aliyetaka kuitaja. Kocha akaitaja mwenyewe.

"Nimepigia ndugu zangu Mitunguu," alisema. "Wanasema nije naye. Nikauliza wapi. Ndugu yangu akaniambia, Naftaly, kila mahali pana mgomba, labda tung'oe mmoja kando ya choo."

Watu wakaguna.

"Na kwao?" mtu wa nje akauliza.

Wazee wakamtazama kama mtoto. Mke aliyeolewa na mbuzi zikapelekwa hazikwi kwa baba yake. Kwetu hilo halifanyiki, ni kama kumwambia amefukuzwa.

"Basi kuna makaburi ya mji," Kocha akasema polepole.

Hapo akina mama tukaanza kulia. Kwetu makaburi ya mji ni ya mtu aliyeokotwa barabarani, asiyejulikana jina. Mama Kinya aliyeosha magoti ya watoto wetu sote, alale huko na namba?

Adrian Muchangi ndiye aliyesimama. Huyu ni mtoto wa marehemu Mzee Nthiga, na shamba linalozunguka uwanja ni lake. Ni mtu wa maneno machache. Akavua kofia, akasema, "Mwalimu, mzike pale uwanjani. Pale pembeni, chini ya mgaa wake. Baba alitoa pale kwa watu. Mama Kinya ni nani kama si watu?"

Tulipiga makofi kwenye matanga. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Pasta akasema hilo ni jibu la maombi, na mimi nikamkumbuka akiomba apatiwe mahali, machozi yakanitoka upya. Kocha hakupiga makofi. Alishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Kwa uwanja? Kwa uwanja kweli?" Tulifikiri ni furaha. Labda kuna kitu alikiona ambacho sisi hatukukiona, sijui, sikumuuliza. Lakini alikuwa amechoka na mwili ulikuwa mochari, akakubali.

Tukamzika vizuri. Wasichana walivaa mashati ya timu, Purity akasoma salamu. Muchangi mwenyewe alishika koleo.

Mzee Njoka hakuwako. Alikuwa amelazwa Embu kwa ajili ya kifua, wiki nyingi. Aliporudi, mwezi wa nane, alipita barabarani akiegemea fimbo, akauona msalaba chini ya mgaa. Akauliza ni nini kile. Akaambiwa. Akakaa chini barabarani pale pale.

Mzee Njoka ndiye peke yake aliyebaki katika wale waliokula mbuzi wa Mzee Nthiga. Jioni hiyo alituma Kocha aitwe, na Muchangi aitwe, na mimi nikafuata kwa sababu nilikuwa nimempelekea uji.

"Mliniona nimeenda hospitali mkadhani nimekufa?" alisema. "Kwa nini hakuna aliyeuliza?"

"Kuuliza nini, guka?" Muchangi akasema, akimwita babu kwa heshima.

"Maneno ya baba yako. Nthiga alisema pasilimwe, pasijengwe, asizikwe mtu. Alisema siku pakifanyiwa kitu kingine, panarudi kwa nyumba yake. Alitema mate chini. Unajua mtu akitema mate juu ya ardhi yake ni nini? Na kaburi ni nini, Adrian? Wewe ni Mumbeere, usijifanye hujui. Aliye na kaburi ana shamba."

Hilo ni kweli, na hapo ndipo tulipokosea sisi wote. Kwetu hakuna cheti cha shamba kinachoshinda kaburi. Mtu akizikwa mahali, mahali pale pana mwenyewe, na watoto wake wanaweza kusema mama yetu analala hapa. Kwa kumheshimu Mama Kinya tulikuwa tumeupa uwanja mwenyewe, na uwanja ulikuwa umetolewa kwa masharti kwamba usiwe na mwenyewe.

Muchangi akasema, "Mimi sikujua maneno hayo. Mungu ananiona."

Mimi namwamini. Wengine hawamwamini mpaka leo.

"Lakini ndugu zangu watajua," akaongeza. "Wako Kangeta, wako Nairobi, kila Krismasi wananiuliza kwa nini shamba la muguka linaishia kwa mawe ya watoto. Wakisikia maneno ya baba, sitaweza kuwazuia. Laana ya baba ni ya nyumba nzima."

"Na kaburi likiondolewa?" Kocha akauliza.

Niligeuka kumtazama. Sauti yake haikuwa na chochote ndani.

"Likiondolewa," Mzee Njoka akasema, "neno la Nthiga linarudi lilivyokuwa. Ninaweza kusimama niseme hivyo kabla sijakufa."

"Na mimi nitaheshimu," Muchangi akasema. "Mwalimu, mbele ya huyu mzee na huyu mama, kaburi likitoka, uwanja ni uwanja. Ndugu zangu watanipitia mimi kwanza."

Kinya alikuja kutoka Nairobi kwa basi la asubuhi aliposikia. Nilikuwa nyumbani kwao nikisafisha mchele. Hakusalimia.

"Baba, ni kweli unataka kumfukua mama?"

"Kinya, kaa."

"Sikai. Mama si kigingi cha neti ung'oe hapa upige pale. Maisha yake yote alikuwa anapisha mpira. Sasa amekufa bado anapisha?"

"Kuna wasichana wawili wataenda shule mwaka huu. Purity…"

"Mimi si msichana wako? Ulinipeleka shule gani ya bweni, mimi niliyekuwa siwezi kuruka?"

Mimi nikaendelea na mchele wangu. Kinya alikaa kwenye kitanda cha mama yake kwa muda, akalia, akaosha uso, akaenda stendi. Tangu siku hiyo hajampigia baba yake. Nimejaribu kumpigia mimi. Ananiita auntie kwa heshima, ananiuliza kama mvua imenyesha, nikitaja baba anasema mtandao ni mbaya.

Ruhusa ya serikali ilichukua muda, ikatoka mwezi wa kumi. Alikuja afisa wa afya na glavu na dawa, na polisi mmoja, na vijana waliolipwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Nilikwenda kwa sababu hakuna mwanamke mwingine aliyekubali kwenda, na niliona si vizuri Mama Kinya atolewe na wanaume peke yao. Sitaandika niliyoyaona. Nitasema tu kwamba Kocha alisimama mbali upande wa nguzo akiwa amegeuza mgongo, na sanduku lilipopakiwa kwenye pikapu alipanda nyuma, akaweka mkono juu yake, akaenda nalo mpaka makaburi ya mji. Alipewa namba. Akaimba pambio moja peke yake, maana pasta alikuwa na semina.

Shimo lilifunikwa. Pasta alikuja siku iliyofuata tukaombea ardhi, sisi akina mama saba, tukaikabidhi kwa Bwana. Mzee Njoka akasimama akasema maneno yake mbele ya watu, kwamba uwanja umerudi. Muchangi akapeana mkono na Kocha. Kwa hiyo mnaona, kila mtu alifanya alichoahidi. Hilo ndilo hunisumbua. Ningekuwa na mtu mmoja mbaya wa kumwombea abadilike, ningejua niombe nini.

Jumamosi ikafika. Mwalimu wa ile shule alikuwa amesema atakuja wiki tatu baadaye. Kocha alifunga neti mapema, akakaa juu ya mpira akingoja.

Hakuna aliyekuja.

Alifikiri ni kazi za shamba, mvua ilikuwa karibu. Jumamosi ya pili wakaja wawili, wakasimama barabarani, hawakuingia. Wakacheka cheka kwa aibu, wakaondoka. Kocha alikuja kwangu.

"Nelius, kuna nini?"

Nilijua kuna nini. Nilikuwa nimesikia kisimani, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa. Nilishindwa kumwambia, nikamwambia twende kwa mama yake Purity.

Mama yake Purity alikuwa anapepeta ndengu. Alimpa Kocha kiti, akamwita mwalimu, akampa maji. Ni mama wa adabu sana. Na akasema, "Mwalimu, usikasirike. Mahali mtu alipozikwa, sawa, marehemu amelala. Mahali mtu alipofukuliwa si sawa. Hiyo ardhi imefunguliwa mdomo."

"Pasta ameomba," Kocha akasema. "Nelius huyu hapa aliomba."

"Nimesikia. Mimi pia ninaomba. Lakini huyu ni msichana, bado hajaolewa, bado hajazaa. Aruke pale, aanguke pale, achubuke damu pale? Halafu miaka kumi akikosa mtoto nitamwambia nini? Nitamwambia ilikuwa voliboli?"

"Mama Purity. Mwalimu wa shule anakuja. Ni shule bila karo."

"Si ahamishe neti? Wacheze shuleni."

"Shule wamejenga madarasa kwa uwanja wao. Unajua. Hakuna mahali pengine palipo sawa, kote ni mteremko na mawe." Sauti yake ilianza kupanda. "Nimemtoa mke wangu pale. Nimemtoa kwa sababu ya mtoto wako."

Mama yake Purity aliweka ungo chini. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mimi sikukuambia umtoe, mwalimu," alisema. "Ungemwacha, wangecheza kando yake. Hakuna aliyekuwa anamwogopa akiwa amelala."

Purity alikuwa mlangoni, amesikia yote. Kocha alimtazama. "Na wewe unasemaje?"

Msichana akatazama miguu yake. "Kocha, mimi ningekuja," akasema. "Lakini wenzangu wakikataa nitamwinulia nani mpira?"

Nilimwendea mama mmoja mmoja. Niliwaambia damu ya Yesu imesafisha. Wote walisema amina. Wote walikuwa katika wale saba tulioombea ardhi, au dada zao walikuwamo. Kila mmoja alisema anaamini, ila tu angependa wa mwenzake atangulie. Na mimi nina mjukuu wa darasa la saba, na binti yangu aliyemzaa alinikatalia, na sikuweza kumlazimisha.

Mwalimu wa shule alikuja kwa gari. Alikuta neti na Kocha. Alisubiri kwa muda, akanywa soda dukani, akasema kwa upole kwamba wana vijiji vingine vingi vinavyowaita, na akaondoka. Hakurudi tena.

Mvua ya mwezi wa nne ilipokaribia Muchangi alikwenda kwa Kocha pale kwenye kibanda chake cha viatu. Nilikuwa nimepeleka kiatu kishonwe, nikawasikia.

"Mwalimu, ndugu zangu wamepiga simu. Wanasema uwanja hauchezwi. Wanasema neno la baba lilikuwa pachezwe, la sivyo panarudi kwetu."

Kocha aliendelea kuvuta uzi.

"Mimi nilikuambia nitasimama," Muchangi akasema. "Niambie nisimame, nitasimama. Nataka tu unipe cha kuwaambia. Hata watoto watatu, Mwalimu. Hata mmoja akirusha mpira."

"Hakuna," Kocha akasema.

"Basi nifanye nini?"

"Lima."

Muchangi alibaki amesimama. Nilifikiri alikuwa anangoja Kocha akatae, hata amtukane, hata amrushie kiatu. Lakini Kocha alikuwa ameinama kazini. Mwishowe Muchangi akavaa kofia yake akaenda.

Sasa pale pana muguka. Umeshika vizuri, kwa sababu ardhi ilikuwa imepumzika miaka mingi. Mgaa umeachwa, na pale palipokuwa na shimo hapajapandwa, ni duara tupu, wanalizunguka. Asubuhi ukipita utawaona wasichana wakichuma, wanalipwa kwa kilo. Purity yuko hapo. Amekuwa mrefu zaidi, na huhitaji kumwinamishia tawi. Niliwahi kumuuliza mama yake, kwa upole, si kwa kumchoma: hapo kwa kuchuma hamwogopi? Akaniambia kuchuma si kuruka, mtu anasimama tu, haanguki.

Kocha Gikunda huja kanisani. Anakaa nyuma. Mwaka huu macho yamepungua na hawezi tena kutia uzi kwenye sindano, kwa hiyo akina mama tukipita sokoni tunamtilia nyuzi nyingi kwa wakati mmoja, anazipanga kwenye kipande cha godoro, na zikiisha anafunga kibanda aende nyumbani, hata kama ni mchana.